Esansi ya Rajabu

Feza mwanangu,

Salamu nitakupa kesho kwa mdomo, hapa naziruka. Wewe umevuka mto kwenda Alunguli kuaga marafiki zako, na mimi nimefunga garaji saa tisa mchana, jambo ambalo hujawahi kuniona nikilifanya siku ya kazi. Wateja wawili wamepiga hodi, nikawanyamazia. Nimeketi juu ya tairi la lori, karatasi iko magotini, mikono inanuka mafuta, kwa hiyo usishangae ukikuta alama za vidole pembeni.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala wanaume wa Kalima ambao wakiuza kilo mbili za madini ya kasiterite wanajiona wenye mji. Hayo nimeyasema mpaka umeanza kuyamalizia wewe kabla yangu. Nakuandikia kwa sababu Jumatatu uliniuliza swali, nami nikakudanganya. Kesho unaondoka kwenda Kalima, na sitaki uende na uongo wangu ndani ya valizi yako pamoja na nguo.

Kumbuka hiyo Jumatatu. Alikuja yule mchuuzi wa mchele wa Kailo na kamioneti yake ya zamani. Kwenye tambarare inakwenda, kwenye mlima moteri inakata, inaruka, inatikisika mpaka milango inagonga. Yeye alikuwa ameshampata mkosaji: mwanamume anayeuza esansi, mafuta ya kuendeshea gari, kwa chupa kando ya barabara. Alisema amemchanganyia esansi na petroli ya taa, ile ya kuwashia vibatari, na kwamba alikuwa amekwisha kumpiga kofi mbele ya watu. Alilisema hilo kwa furaha kabisa.

Wewe ukaenda kwenye gari. Uliwasha moteri, ukaiacha ingurume polepole, ukashika kitambaa kikavu, ukachomoa waya wa buji ya kwanza, ile inayopiga cheche ndani ya silenda, ukasikiliza, ukaurudisha. Ukachomoa wa pili. Naeleza polepole ingawa unayajua, maana si wewe peke yako utakayeyasikia haya. Silenda iliyokufa, ukichomoa waya wake sauti ya moteri haibadiliki, kwa kuwa haikuwa inafanya kazi tangu mwanzo. Iliyo hai, ukiinyang'anya moto, moteri inalalamika mara moja. Ulichomoa zote nne, moja moja, na zote nne zikalalamika. Ukamwambia yule baba kwamba ugonjwa hauko kwenye buji moja, uko mahali ambapo zote nne zinapokea moto au mafuta.

"Basi njo esansi," akasema, yaani ndiyo yenye kosa. Ukamwaga matone machache kwenye kiganja chako, ukamwonyesha. Yakakauka palepale, kiganja kikabaki kikavu na baridi, bila utelezi. Petroli ya taa haikauki hivyo. Kisha ukafungua delko, kile kichwa kinachogawa moto kwa buji zote, ambacho ndani yake kinazunguka kipande kidogo tunachokiita kidole. Ukausogeza waya mkubwa wa bobini, inayozalisha moto wa cheche, karibu na kidole bila kukigusa, ukajifunika bashi, turubai letu, kichwani ili upate giza, ukaniambia nizungushe ufunguo. Cheche ikaruka. Kwenye kidole kizima cheche hairuki hivyo, kwa kuwa haina pa kupitia. Ukakitoa, ukakigeuza, ukanionyesha mstari mweusi mwembamba upande wa chini.

"Mama, angalia. Huu mustari njo unakula moto."

Ukamgeukia mchuuzi, ukamwambia arudi kumwomba radhi yule aliyempiga kofi. Yeye akacheka. Mimi nikaweka chini turnavisi yangu ya kufungulia skrubu, nikaenda nyuma ya nyumba, penye ile kamioneti ya buluu ya baba yako isiyo na magurudumu. Ulinifuata ukaniuliza nina nini. Nikasema moshi umeniingia machoni. Feza, mimi nimevuta moshi wa moteri tangu kabla hujazaliwa, na haujawahi kuniliza.

Sasa nisikilize.

Wakati wa vita hukuwepo, umesikia tu. Treni ilikuwa haiji. Chumvi na sabuni zilishuka kwa ndege, na zilipofika sokoni tulizila kwa macho. Wanaume walisukuma kinga, baiskeli zilizopakiwa mpaka hazionekani, siku baada ya siku msituni. Mwenye gari linalotembea alikuwa na bahati na balaa kwa pamoja, maana kila mwenye bunduki, wa upande wowote ule, alilitaka. Walikuwa wanaingia kwenye parseli yako, ndani ya ua wako, wanadai ufunguo, gari linaondoka. Hulioni tena.

Madereva wa Kindu wakapata dawa yake. Kila dereva alipozima moteri alifungua delko, akatoa kidole, akampa mkewe. Bila kidole, hata uzungushe ufunguo mpaka betri ife, moteri haiwaki. Askari wengi hawakujua shida iko wapi, na aliyejua hakuwa na kidole kingine mfukoni. Kila mke wa dereva alikuwa na maficho yake. Jirani yetu alikisukia ndani ya nywele. Mimi nilikifunga kwenye pindo la kikwembe changu, hapa kiunoni. Mara tatu walikuja kwetu, mara tatu waliondoka kwa miguu. Sijuti hata kidogo. Wakirudi leo, nitakificha tena mbele ya macho yao.

Mara ya nne walikuja mchana, nikiwa nakamua mawese. Baba yako aliwaona langoni, akanitilia kidole mkononi akinipita. Mkono wangu ulikuwa umejaa mafuta. Kikateleza, kikaanguka kwenye sementi, na mkubwa wao alikuwa amekwisha kuingia. Nikafanya lile lililonijia: nikakikanyaga. Nikakisikia kikilia chini ya kisigino, sauti ndogo tu, nikabaki nimesimama hapo.

Walizungusha ufunguo. Haikuwaka. Wakamuuliza baba yako gari lina nini, akasema ni bovu. Wakaulaza mkono wake wa kuume juu ya bodi ya gari, wakaupiga kwa kitako cha bunduki, wakamuuliza tena. Akasema ni bovu. Unavijua vile vidole vyake viwili ambavyo havikukunjika mpaka siku aliyokufa. Mimi nilikuwa hatua tano tu kutoka pale, nimesimama juu ya kitu walichokuwa wanakitafuta, na sikuinua mguu. Hilo pia silijutii. Yeye mwenyewe asingenisamehe kama ningeinua.

Walipokwenda, niliinua. Kidole kilionekana kizima, ila upande wa chini kulikuwa na ufa, mwembamba, wa kuutafuta. Nikakipangusa kwa kikwembe. Baba yako alikuwa ameketi chini, mkono umevimba, anacheka huku machozi yanamtoka, anasema gari yetu wameiacha, wameiacha. Nikampa kidole chake. Ningemwambia vipi kwamba kitu alichovunjiwa mkono nimekivunja mimi? Mdomo ulikataa. Hilo la siku ile nakuomba ulielewe. Yanayofuata sikuombi uyaelewe.

Wiki hiyohiyo ikaja habari kwamba bibi yako, mama yake baba yako, ni mgonjwa sana kule kijijini kwao, kwenye barabara ya Kibombo. Gari tulikuwa nalo, lakini tangi lilikuwa kavu, na Kindu hakukuwa na esansi hata ya kunusa. Ndipo Rajabu, mdogo wake baba yako, akachukua kinga yake, akavuka mto, akaelekea Kalima. Alikuwa mwembamba, mwenye maneno mengi, na hakuchoka kututania kwamba mimi na baba yako tunalala na gari katikati yetu. Alirudi siku nyingi baadaye na bidoni mbili za plastiki zimejaa esansi, zimefungwa kwenye kinga, miguu imechubuka. Alikuwa amelala msituni, na kila kizuizi alikizunguka kwa kupita porini. Sisi tulitaka kujua amezipataje. Yeye alitaka tupande gari tukamchukue mama.

Tulikwenda watatu. Kwenda, gari tupu, moteri ilikohoa kidogo tu, hatukujali. Kurudi, nyuma kulikuwa na godoro, Rajabu, na wagonjwa wawili wa kijiji waliotuomba tuwabebe. Bibi yako alikuwa mbele, kichwa chake magotini pangu. Mlima wa kwanza, moteri ikaanza kukata. Buji zote nne, kwa zamu, vilevile kama Jumatatu. Wewe unajua kwa nini: mzigo ukizidi, buji inadai moto wenye nguvu, na moto ukikuta ufa unapita huko badala ya kwenda kwenye buji. Lakini siku zile kila mtu Kindu alikuwa amewahi kuuziwa esansi yenye petroli ya taa ndani. Baba yako akafungua buji kwa mkono mmoja, akazikuta nyeusi, zimelowa. Akazinusa. Akamgeukia mdogo wake, akasema ametuletea esansi iliyochanganywa.

Rajabu hakukasirika mwanzoni. Alimwita yaya, kama mdogo anavyomwita kaka yake, akamwambia hivi, na mimi nilikuwa nasikia: "Yaya, weka mukononi mwako. Ikikauka, niko mukweli."

Baba yako alikataa hata kunyoosha mkono. Alikuwa na maumivu yake, alikuwa na mama yake anayehema kwa shida ndani ya gari, alihitaji mtu wa kumtupia hasira, na mtu huyo alikuwa amesimama mbele yake. Wakaanza kupigiana kelele katikati ya barabara. Mimi nikakilaza kichwa cha bibi yako juu ya kiti, nikashuka, nikaenda nyuma, nikafungua bidoni, nikamimina kidogo kiganjani. Ikakauka kabla sijarudisha kifuniko. Kiganja kikawa baridi na kikavu.

Nilijua, Feza. Si baadaye, si baada ya miaka ya kujifunza kazi hii. Palepale mlimani nilijua kwamba esansi ni safi, na nilijua nilikanyaga nini. Ningesema neno moja, baba yako angekitoa kile kidole, angekikwangua, angeujaza ufa nta ya mshumaa kama madereva walivyofanya, na tungeendelea na safari. Nikajipangusa mkono kwenye kikwembe, nikarudi ndani kukishika kichwa cha bibi yako.

Tulikwenda, tukasimama, tukasafisha buji, tukaenda tena. Bibi yako alikata roho magotini pangu, jua likiwa bado juu na Kindu haiko mbali. Baba yako akashuka, akamfuata mdogo wake kule nyuma, akamwambia lile neno ambalo ukoo mzima umelirudia tangu siku ile.

"Umemuua mama sababu ya bidoni mbili za esansi."

Rajabu hakumtazama kaka yake. Alinitazama mimi. Nadhani aliniona nilipokuwa namimina. Nikainamisha uso. Alichimba kaburi la mama yake pamoja na wengine, akakaa mpaka siku ya tatu ya matanga bila mtu kumsogezea hata sahani, kisha akachukua kinga yake na kuvuka mto. Aliishia hukohuko Kalima.

Najua utakachosema, kwa sababu una moyo mwepesi kuliko wangu. Utasema labda bibi angekufa hata kama moteri ingekwenda vizuri. Labda. Alikuwa na homa ya siku nyingi, na hospitali yenyewe ilikuwa haina dawa. Lakini sitajificha nyuma ya labda. Utasema ilikuwa vita. Watu wa hapa wameipa vita makosa yao yote, mpaka mwizi wa kuku anasema ni vita. Vita ilimvunja baba yako mkono, hiyo naiandika kwa jina lake. Ulimi wangu haikuushika. Vita iliisha, tukafungua garaji, ukazaliwa wewe, ukaota meno, ukaenda shule, na mimi nilikuwa bado nimenyamaza.

Vidole vya baba yako vilipokataa kukunjika, mimi nikawa mikono yake. Yeye alikaa kwenye kigoda akinielekeza, mimi nikalala chini ya gari. Wanaume walikuja kutazama bure kama wanatazama mpira. Walisema mwanamke hawezi kukaza boloni ya gurudumu. Walisema nimemlisha mume wangu dawa ndiyo maana ananiachia funguo zake za kukazia. Niliwaacha waseme, nikakaza boloni. Leo magari yao yanalala kwangu yakingoja zamu, na wao ndio wanaoniamkia kwanza.

Lakini nilivyojifunza ndivyo nilivyozidi kujua. Siku moja baba yako akiwa msikitini, nilifungua delko ya ile kamioneti ya buluu. Ule ufa wangu ulikuwa umegeuka mstari mweusi, moto umejichimbia njia. Nikaenda kwenye gari lililokuwa limeungua nyuma likaachwa kando ya barabara, nikatoa kidole chake, nikakiweka kwetu. Baba yako aliporudi nikamwambia nimesafisha buji. Akaendesha mpaka mlimani na kurudi, moteri haikuruka hata mara moja, akashuka akiwa na uso wa ushindi.

"Unaona?" akaniambia. "Leo esansi iko safi."

Nikasema ndiyo. Kati ya yote niliyoyafanya, hiyo ndiyo inayoniamsha. Mlimani nilinyamaza kwa woga, na woga ni wa kila mtu. Lakini siku ile hakuna aliyenitisha. Nilikuwa na ushahidi mkononi, mume wangu amesimama mbele yangu anafurahi, ndugu yake yuko hai Kalima, na nikaitikia ndiyo. Jioni nikakitupa kile kidole cha zamani ndani ya Lualaba.

Wewe umekua ukinisikia nikigombana na wateja: usilaumu esansi, fungua kwanza, chomoa waya mmoja mmoja, sikiliza, weka kiganjani. Mji mzima unajua kwamba Mama Feza hapendi wauza esansi walaumiwe, na watu wanadhani ni ufundi. Ni aibu, mwanangu. Nimewatetea wauza esansi wote wa Kindu isipokuwa mmoja.

Na baba yako. Katika ugonjwa wake wa mwisho, ulipokuwa umekwenda kutafuta dawa, aliniambia angependa kumwona Rajabu kabla hajafa, ila Rajabu aje kwanza kuomba msamaha. Nilikuwa nimeshika kikombe cha uji. Nilikijaza kijiko, nikamlisha. Alikufa akimngoja mdogo wake aje kuomba msamaha wa kosa ambalo hakulitenda. Hapo sina la kujitetea, na ukitaka kunikasirikia anzia hapo.

Kwenye mazishi ulimwona Rajabu kwa mara ya kwanza. Baba Mukubwa Salumu, kaka mkubwa wa baba yako na Rajabu, alikuwa amekataza asipewe habari, lakini habari ilivuka mto bila ruhusa yake. Alisimama nje ya ua, mvi zimeanza kichwani, kofia mkononi. Wewe ndiwe uliyempelekea kiti, mbele ya macho ya ukoo mzima, na mimi nilikuona. Mimi alinipa mkono tu. "Pole, shemeji." Angeweza kusema, maana watu walikuwa wengi. Hakusema.

Ninyi mkaanza kuandikiana kwenye simu. Nikajua kwamba naye ana garaji kule Kalima, anatengeneza malori ya wachuuzi wa madini na magrupu, zile mashine za kuzalisha umeme, na kwamba ulipomwambia unajua kufungua moteri alicheka kwa furaha, akakuambia uje, atakufundisha dizeli. Hilo nililipenda, maana dizeli mimi siijui vizuri, na sitaki uishie mahali nilipoishia mimi. Waliosema msichana hatafuti kazi ya funguo mbali na mama yake niliwajibu mimi mwenyewe, unakumbuka, na hawajarudi.

Ndipo Baba Mukubwa Salumu akaleta sharti lake. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo, kesho asubuhi yeye ndiye atakayekuombea dua ya safari na kukumwagia maji mikononi. Amesema hatashika bakuli la maji mpaka kwanza wewe useme mbele ya wote kwamba unakwenda kwa Rajabu kufanya kazi tu, si kwa ndugu. Kwamba hutakula naye sahani moja, na hutamwita baba. Nawe, ili safari isivunjike, umekubali. Juzi ukaja kuniambia jambo hilo ukijaribu kunituliza, ukamalizia kwa kusema, "Lakini mimi moyoni nimemusamehe baba mudogo."

Feza, hukumwona mama yako alivyokuwa baada ya neno hilo, kwa sababu niliingia chini ya gari la mtu ambalo halikuwa na ubovu wowote. Mtoto wangu anamsamehe mtu kwa kosa langu. Hakuna cha kumsamehe. Hajawahi kukosa. Aliwaletea mama yake na kaka yake esansi safi kwa miguu yake, akalipwa kwa kufukuzwa.

Kwa hiyo sikia. Kesho usiseme lile sharti. Hata nusu yake usiseme. Salumu akikugeukia, nyamaza, niachie mimi. Nitasimama kabla maji hayajamwagwa na nitayasema haya yote, kuanzia kisigino mpaka kile kikombe cha uji. Wajomba watakuwepo, shangazi zako watakuwepo, na wale majirani wanaokuja kwa ajili ya chai watakuwepo pia. Wacha wasikie.

Najua kitakachofuata. Parseli hii ni ya ukoo wa baba yako, na garaji iko juu yake. Salumu atasema muuaji wa mama yake hawezi kuendelea kukaa hapa, na wengi watamuunga mkono. Basi waichukue. Nitabeba sanduku langu la funguo kichwani, nitatandika bashi chini ya ukuta wowote mjini hapa, na kabla ya jua kuzama kutakuwa na gari mbele yangu. Nilianza bila ukuta. Sitapiga magoti mbele ya Salumu wala sitalia ili wanihurumie. Niliyemkosea ni mmoja, na huyo nitamfuata Kalima kwa miguu yangu nikishamaliza na hawa. Akitaka kunifungia mlango, aufunge nikiwa nimesimama mbele yake. Ana haki hiyo, na wewe usimwombe kwa niaba yangu.

Huko uendako utavunja vitu. Utakaza boloni mpaka ikatike, utaunguza bobini ya mtu, utamwambia mteja jambo ambalo si kweli kwa sababu umechoka. Siku hiyo sema papo hapo, kitu kikiwa bado mkononi mwako. Mimi nilifikiri nitasema kesho yake, na kesho yake nikaona aibu ya jana, na mwaka uliofuata aibu ya mwaka mzima. Kila siku niliyongoja ilifanya neno lilelile kuwa zito zaidi. Sikufundishi, nakueleza ilivyonitokea.

Barua hii nitakupa ukirudi kutoka Alunguli. Isome, kisha usije kunikumbatia wala kunigombeza leo, maana nguvu zangu nazitunza. Nimeiandika kwa sababu najijua. Nilinyamaza mlimani, nilinyamaza kaburini, nilinyamaza kitandani kwa baba yako, na kila mara nilikuwa na sababu nzuri. Kesho nitakuwa na sababu nzuri kuliko zote: safari yako, usiondoke na ugomvi. Ukiniona nimesimama na mdomo haufunguki, usinionee huruma, na usinipe muda. Chukua karatasi hii, njoo usimame kando yangu, usome kwa sauti ili hata wa langoni asikie, na anzia hapa:

Mimi, Zaina, mke wa Sefu, nasema mbele yenu wote. Esansi ya Rajabu ilikuwa safi. Niliijaribu kwa kiganja changu siku ileile, mama yenu akiwa bado anahema, na nikanyamaza. Mliyemfukuza hakuwa na kosa. Mwenye kosa amewapikia miaka hii yote.